Nilisikia nomino, nikapuuza vitenzi: uchambuzi wa kisa cha binti aliyerudisha vitabu vitatu

Kisa hiki kinamhusu binti wa miaka 14 aliyeletwa na mama yake katika maktaba ninayofanyia kazi, kwa ombi moja tu: nimtafutie kitabu atakachokisoma hadi mwisho. Ninakiandika kwa kirefu kwa sababu mara ya kwanza nilishindwa, na nilishindwa huku nikifuata utaratibu ambao wakutubi, walimu na wazazi wengi tunaamini kuwa ndio wenyewe, yaani kumwuliza kijana anapenda nini, kisha kumpa kitabu kinachozungumzia hicho anachokipenda. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, ila maneno yake nimeyaacha karibu na alivyoyasema, kwa kuwa uchambuzi wote unategemea maneno hayo.

Siku ya kwanza mama ndiye aliyezungumza. Alieleza kwamba hadi kufikia umri wa miaka 11 binti yake alikuwa akimaliza vitabu viwili au vitatu kwa wiki, mara nyingine ikibidi azimiwe taa ndipo alale, kisha akaacha ghafla. "Dada yangu, nisaidie. Siku hizi ni simu na mpira wa kikapu, hana jingine," alisema. Binti mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, mkoba begani, akitazama rafu ya magazeti bila kuyasoma. Nilimgeukia nikamwuliza anapenda vitabu vya aina gani, akapandisha mabega. Nikamwuliza kama ni kweli anapenda mpira wa kikapu; akajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Vijana wengi huniita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha darasa, na wakati ule sikulitilia maanani jina hilo. Sikutambua kwamba kijana anayekuita mwalimu hukujibu kama anavyomjibu mwalimu, yaani hutafuta jibu fupi litakalokomesha maswali. Mimi nililipokea jibu lile kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo.

Nilimpa vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa wasifu wa mchezaji mashuhuri wa kikapu, wenye picha za rangi katikati. Cha pili kilikuwa riwaya kuhusu timu ya wasichana wa shule inayojiandaa kwa mashindano. Cha tatu hakikuwa na mpira wowote ndani yake. Kilikuwa riwaya iliyopata tuzo, nami niliiongeza kwa sababu niliipenda mwenyewe na nikatamani naye aipende, sababu ambayo nikiitazama sasa naona haikumhusu yeye hata kidogo. Vyote vitatu vilitoka katika rafu ya vijana, ambayo wakati huo ilikuwa imepakana na viti vidogo vya watoto wa chekechea, na kila kimoja kilikuwa na kibandiko cha umri kwenye jalada. Nakumbuka kwamba alipovibeba alivigeuza ili vibandiko vielekee kifuani mwake. Alivichukua bila kufungua hata kimoja, na baada ya siku tisa vikarudi.

Kitabu kinachorudishwa huwa na habari zake, na mkutubi anayekipokea kwa kukigonga muhuri tu huzipoteza. Wasifu ulirudi na karatasi ya tarehe ikiwa imechomekwa kati ya ukurasa wa 10 na wa 11, mahali ambapo mchezaji mwenyewe hajagusa mpira na mwandishi bado anaeleza ukoo wake. Riwaya ya tuzo ilirudi mgongo ukiwa umekaza kama ulivyotoka, na nilipoifungua ilitoa ule mlio mdogo wa gundi ambayo haijawahi kusumbuliwa. Riwaya ya timu ya wasichana ilikuwa na sikio la ukurasa lililokunjwa, ukurasa wa 58, na mkunjo wenyewe ulikuwa umepitishwa ukucha hadi ukawa mkali. Nililikunjua sikio hilo, nikalilaza kwa ukingo wa rula, nikakirudisha kitabu rafuni, na wazo pekee lililonijia ni kwamba siku nyingine lazima nimkanye asikunje kurasa. Sikusoma kilichoandikwa katika ukurasa huo.

"Vimenishinda, Mwalimu," alikuwa amesema alipoviweka kwenye kaunta. Kauli hiyo naisikia karibu kila siku, na inastahili kutazamwa kidogo. Kwa Kiswahili kitabu ndicho kinachomshinda msomaji. Sijapata kumsikia mtu akisema kuwa kitabu kimeshindwa. Lawama yote humwangukia aliyekiacha, kana kwamba kitabu ni mlima na kila mwenye miguu anapaswa kufika kileleni. Kijana akishatamka hivyo mara tatu au nne hujihesabu kuwa si mtu wa vitabu, na akishajihesabu hivyo hana tena sababu ya kujaribu. Aliyeshindwa katika duru hii alikuwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyechagua, lakini aliyetoka mlangoni akiwa ameinamisha kichwa alikuwa yeye.

Kuacha kusoma katika umri ule hakukuwa jambo la ajabu. Katika tathmini ya PISA ya mwaka 2009, ambayo OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, huitumia kuwapima wanafunzi wa miaka 15, asilimia 37 ya wanafunzi wa nchi wanachama walisema hawasomi kabisa kwa ajili ya kujifurahisha. Katika miaka hiyo hiyo ya kubalehe vitabu huongezeka unene, picha hutoweka, na usomaji wa shuleni hugeuka kuwa wa kutafuta majibu. Louise Rosenblatt, mtaalamu wa fasihi wa Marekani, katika kazi aliyoitoa mwaka 1978, alitofautisha usomaji ambao mtu huingia akilenga habari atakazoondoka nazo na usomaji ambao mtu huishi ndani yake wakati anasoma. Shule, kwa wajibu wake, hufundisha sana ule wa kwanza. Kijana anayeujua huo tu huona kila kitabu kama mtihani ambao maswali yake bado hayajafika.

Lakini kabla ya kulaumu shule au simu kuna jambo moja la kuhakikisha kwanza, nalo ni kama kijana anasoma kwa taabu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Keith Stanovich alieleza hali aliyoihusisha na jina la Mathayo, kutokana na ile aya ya Injili isemayo kwamba mwenye kitu atapewa naye atazidishiwa: anayesoma kwa wepesi husoma zaidi, kusoma zaidi humwongezea msamiati na wepesi, ilhali anayesoma kwa taabu hukwepa, na kukwepa humzidishia taabu. Kijana wa namna hiyo husema "sipendi kusoma" kwa sababu ni rahisi zaidi kuliko kusema "sioni vizuri" au "herufi zinanichanganya". Kwa hiyo binti aliporudi peke yake wiki iliyofuata kuleta magazeti ya mama yake, nilimwomba akae, nikampa riwaya niliyoiokota kwenye kigari cha vitabu vilivyorudishwa, nikamwambia asome ukurasa mmoja kimoyomoyo na ainue kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano ni ishara ya kutafuta kitabu chepesi zaidi. Yeye aliinua kimoja. Hakusogeza kitabu usoni, hakufuata mistari kwa kidole, na alimaliza kwa muda wa kawaida. Kama angeinua vitano, kisa hiki kingechukua njia nyingine: vitabu vya sauti, riwaya za picha, vitabu vifupi vyenye lugha nyepesi ambavyo wahusika wake si watoto, na pengine ushauri wa kupimwa macho.

Kisha nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilimwambia kwamba mimi si mwalimu, kwamba hapa hakuna atakayemwuliza maswali baada ya kusoma, na kwamba sitaki aniambie habari za kitabu chochote. "Niambie kisa kimoja tu," nilisema, "cha filamu, cha tamthilia, cha mtu unayemjua, chochote, ila kiwe kile kilichokukaa kichwani ulipotaka kulala." Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikaribia kuharibu kila kitu kwa kumpa mifano. Halafu akaanza.

"Kuna tamthilia moja, kuna dada anaishi kwa mjomba wake. Kila mtu anamwonea huruma. Lakini yeye anajua. Anajua tangu mwanzo nani alichukua zile hati, na kila siku anakula nao meza moja, amenyamaza. Mimi nilimgundua kabla ya wote pale nyumbani. Nilimwona anavyojibu. Anajibu swali ambalo hajaulizwa."

Nilikuwa na kipande cha karatasi mbele yangu, na nilichoandika juu yake ndicho kiini cha kisa hiki: anajua, amenyamaza, nilimgundua, nilimwona anavyojibu. Kama ningesikiliza nomino, kama nilivyofanya mara ya kwanza, ningeondoka na mjomba, hati na familia, nikamtafutia riwaya ndefu ya ugomvi wa mirathi, naye angeirudisha baada ya siku tisa. Nomino hutaja kilichomo ndani ya kisa, na vitenzi hutaja kile ambacho msimulizi wake alikuwa akikifanya wakati kisa kinamshika. Binti huyu alikuwa anagundua, na raha yake ilikuwa kumshika mtu mwongo kabla mwongo mwenyewe hajajua kuwa ameshikwa. Aliposema "kabla ya wote pale nyumbani" alinyoosha mgongo, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza msomaji ambaye mama yake alikuwa amenielezea.

Nilimwuliza basi kuhusu mpira wa kikapu. Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Kucheza napenda. Kusoma habari zake, za nini? Si naijua."

Waliosoma fasihi darasani watakumbuka mgawanyo wa fani na maudhui. Tunapompendekezea kijana kitabu karibu kila mara tunaongozwa na maudhui: anapenda mpira, basi mpira, ana huzuni, basi kitabu cha huzuni. Kinachomshika msomaji na kumfanya afungue sura inayofuata mara nyingi ni fani: nani anasimulia, anaficha nini, kisa kinakwenda kwa kasi gani, sentensi zinapumua vipi. Joyce Saricks na Nancy Brown, wakutubi wa Marekani, walilijengea jambo hili utaratibu katika kitabu walichokitoa mwaka 1989, wakiwataka wenzao wasikilize mvuto wa kitabu, yaani kasi, wahusika, mkondo wa matukio na mazingira yanayokizunguka kisa, badala ya kusimamia mada yake. Nancy Pearl, mkutubi mwingine wa Marekani, naye huzungumza juu ya milango minne ambayo msomaji hupitia kuingia kitabuni: hadithi, wahusika, mandhari na lugha. Nayaheshimu mawazo haya, lakini ukimwuliza kijana wa miaka 14 anapitia mlango upi, atapandisha mabega yale yale. Mlango wake huonekana anaposimulia jambo asilojua kwamba linapimwa.

Nilimwuliza mambo mengine mawili ya kawaida kabisa. Anasoma wapi na saa ngapi, kama angesoma? Usiku, kitandani, labda dakika 20, kwa mwanga wa simu, kwa kuwa analala chumba kimoja na mdogo wake na taa kubwa huzimwa mapema. Jibu hilo liliondoa nusu ya rafu mara moja. Kitabu kinene cha jalada gumu hakishikiki kwa mkono mmoja mtu akiwa amelala, na sura ya kurasa 40 haiishi kwa dakika 20, kwa hiyo kila usiku msomaji hulala akiwa katikati ya jambo na kesho huanza kwa kukumbuka alikuwa wapi. Swali la pili lilikuwa kitabu cha mwisho alichokipenda. Hakukumbuka jina wala mwandishi. Alikumbuka tu kwamba jalada lilikuwa la kijani.

Baada ya kuondoka kwake nilikwenda rafuni nikaitoa ile riwaya ya timu ya wasichana na kufungua ukurasa wa 58. Mkunjo ulikuwa bado unaonekana. Katika ukurasa huo nahodha wa timu ameumia kifundo cha mguu, anamficha kocha, na anamwambia rafiki yake mkubwa uongo wa kwanza. Nilisoma mbele. Katika ukurasa wa 60 anakiri, wanakumbatiana, na riwaya inarudi kwenye mazoezi na magoli hadi mwisho. Nilikaa chini. Niliona kwamba hakuacha kwa uchovu. Aliacha pale kitu pekee kilichomvutia kilipomalizwa kwa kurasa mbili na mwandishi asiyejua alichokuwa amekishika. Jibu la swali langu lilikuwa limerudishwa kaunta likiwa limekunjwa vizuri, nami nikalinyoosha kwa rula.

Sasa nilijua la kutafuta, lakini hapo ndipo ugumu halisi wa kazi hii ulipojitokeza. Riwaya ambazo msimulizi wake haaminiki, kama mhakiki wa fasihi Wayne Booth alivyoipa hali hiyo jina mwaka 1961, ndizo zilizomfaa kuliko zote, na ndizo zisizopendekezeka. Ukimwambia msomaji "utakipenda hiki, msimulizi ni mwongo," umemnyang'anya kitu chenyewe alichokijia. Ni kwa sababu hii sitataja majina ya vitabu nilivyovichagua, na humwonea huruma kila anayetengeneza orodha ya riwaya za aina hiyo, maana orodha yenyewe ndiyo inayoziharibu. Niliamua kuchanganya. Nilichagua vitabu vinne ambavyo vyote vina mtu anayeficha jambo, lakini si vyote vina msimulizi anayemficha msomaji, ili asijue mtego uko wapi.

Kimoja kilikuwa riwaya fupi inayosimuliwa na kijana ambaye rafiki yake amepotea. Kingine kilikuwa cha barua na ujumbe mfupi kati ya watu watano, ambapo msomaji huona yote na kila mwandikaji huona sehemu yake tu. Cha tatu kilikuwa riwaya iliyoandikwa kwa mishororo kama utenzi, yenye nafasi nyeupe nyingi kwenye kurasa, inayoweza kumalizwa kwa usiku mmoja. Niliiweka kwa ajili ya zile dakika 20. Cha nne hakikuwa riwaya. Kilikuwa kitabu kuhusu watu walioghushi michoro, na kina sura nzima juu ya Han van Meegeren, mchoraji wa Uholanzi. Viwili kati ya vinne nilivitoa katika rafu ya watu wazima. Kwenye vile vingine viwili nilibandua kibandiko cha umri kwa ukucha, jambo ambalo mkuu wangu wa kazi hakulifurahia, nami ningelifanya tena.

Alipokuja nilivitandaza mezani, majalada juu, nikasema sentensi mbili tu kuhusu kila kimoja. Nimejizuia kwa miaka sasa kutumia maneno "kizuri" na "kitakufunza", kwa kuwa la kwanza halisemi kitu na la pili linatisha. Kuhusu cha michoro nilisema: "Mtu huyu alikamatwa mwaka 1945 kwa sababu mchoro wa mchoraji mkuu wa kale aliokuwa ameuuza ulifika kwa Hermann Göring, mmoja wa vigogo wa Wanazi. Ili ajiokoe ilimbidi athibitishe kwamba yeye ni mwongo." Na ndivyo ilivyokuwa, kwani van Meegeren alikiri kwamba ule mchoro uliodhaniwa kuwa wa Vermeer, ndiye huyo mchoraji mkuu wa kale, aliuchora yeye, na akachora mwingine chini ya ulinzi ili aaminiwe. Kuhusu kile cha rafiki aliyepotea nilisema: "Anasimulia jinsi rafiki yake alivyopotea. Msikilize vizuri." Hapo nilinyamaza. Mpendekezaji anaruhusiwa kunyamaza, mradi asidanganye.

Kisha nikamwambia kanuni moja. Nancy Pearl hushauri msomaji akipe kitabu kurasa 50 kabla ya kukiacha, na aliyezidi umri wa miaka 50 atoe umri wake kutoka 100, kwa kuwa muda wake umepungua; mwenye miaka 70 atasoma kurasa 30. Kwa mtu ambaye amekwisha kushindwa na vitabu vitatu niliona kurasa 50 ni adhabu, nikamwambia 20. Asipotaka kufungua ya 21, akirudishe, na hatakuwa ameshindwa na kitu. Niliondoka mezani nikaenda kugonga mihuri. Kijana anayetazamwa wakati wa kuchagua humchagulia anayemtazama.

Alichukua viwili, cha barua na cha waghushi. Alikiacha cha rafiki aliyepotea, kile ambacho moyoni nilikuwa nimekwisha kuapa kuwa ndicho. Nilitamani kumwita. Nilikirudisha rafuni mwenyewe, kwa adabu, kama mtu aliyekataliwa posa.

Siku mbili baadaye mama alifika. Alikuwa na kitabu cha barua mkononi, akakifungua katikati na kunionyesha ukurasa uliokuwa na mistari minne tu ya ujumbe wa simu. "Dada, hiki nacho ni kitabu? Si ndiyo simu yenyewe imewekwa kwenye karatasi? Na wote humu wanadanganyana. Funzo lake ni lipi?" Sikuliona swali hilo kuwa la kijinga na silioni hivyo hadi leo. Mzazi anayemleta mtoto maktaba analeta matumaini yake pia, na matumaini ya mama huyu yalikuwa kwamba kusoma kutamtengeneza binti yake. Nilimtajia haki kumi za msomaji ambazo Daniel Pennac, mwandishi na mwalimu wa Ufaransa, aliziorodhesha mwaka 1992, zikianza na haki ya kutosoma na kufuatiwa na haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza. Hazikumgusa. Alisema, na nadhani alikuwa na hoja, kwamba haki ya kutosoma binti yake alikuwa akiitumia tayari kwa miaka mitatu.

Kilichomgusa ni swali. Nilimwuliza yeye alisoma nini akiwa na miaka 14. Alianza kujibu kwa jina la kitabu cha shule, akasita, kisha akacheka hadi akashika kaunta, akaniambia juu ya riwaya ya mapenzi iliyopoteza jalada lake, iliyokuwa ikizunguka darasani ndani ya daftari la hesabu, na jinsi alivyosoma sura ya mwisho bafuni. Hakukumbuka ilimfunza nini. Alimkumbuka kila mtu aliyeishika kabla yake na baada yake. Hatukuzungumzia funzo tena siku hiyo. Nilimwomba mambo mawili: asimwulize binti amefika ukurasa wa ngapi, na kama ana wasiwasi na kitabu, akisome yeye mwenyewe hadi mwisho kabla ya kukihukumu. La pili alilitekeleza. La kwanza, kwa ushahidi wa binti, lilimshinda.

Kuna wazo jingine ambalo kisa hiki kimenilazimu kulisoma upya. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa fasihi ya watoto wa Marekani, aliandika kwamba vitabu vinaweza kuwa madirisha ya kuonea maisha ya wengine, milango ya vioo ya kuingilia katika maisha hayo, na vioo ambavyo mtoto hujiona ndani yake. Aliyeandika hayo alikuwa akiwafikiria hasa watoto ambao vitabu viliwaacha nje kana kwamba hawapo. Mimi nilikuwa nimelichukua wazo hilo kwa wepesi mno, nikidhani kwamba kumpa mcheza kikapu kitabu cha kikapu ni kumpa kioo. Nilimpa kioo cha jezi yake. Huyu binti anayewachunguza watu mezani na kupima majibu yao hakuwa ameonekana popote katika vile vitabu vitatu, isipokuwa kwa kurasa mbili.

Kitabu cha barua alikimaliza kwa usiku sita. Cha waghushi alisoma sura tatu, akianza na ya van Meegeren, akaziacha nyingine, nami nahesabu kwamba alikisoma. Kisha zikapita wiki tano bila kumwona, na ilikuwa wakati wa mitihani. Sikumpigia mama simu, ingawa nilitaka. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akakitoa kile cha rafiki aliyepotea, akakigongesha muhuri bila kusema neno. Katika miezi minne ya kwanza alimaliza vitabu vinne na kuacha vitatu, kimoja kati ya hivyo kikiwa kile cha mishororo, ambacho alisema kinapiga kelele. Kitabu alichopangiwa shuleni hakukigusa, na mwalimu wake wa fasihi, kwa maelezo ya mama, haoni mabadiliko yoyote.

Cha rafiki aliyepotea alikirudisha kabla ya siku yake. Aliingia kwa haraka, akakiweka kaunta kwa kishindo, mbele ya watu wawili waliokuwa wamepanga foleni.

"Mwalimu, ulijua! Ulijua tangu mwanzo, ukanyamaza."

Nilikubali kosa. Aliniambia ni ukurasa upi alioanza kumshuku msimulizi, na ulikuwa mapema kuliko ule niliomshuku mimi, jambo ambalo alilipokea kwa kunyoosha mgongo vile vile. Alitaka kingine, "lakini usiniambie kikoje". Nilipokuwa nikitafuta nilikumbuka kumwuliza kuhusu ukurasa wa 58 wa ile riwaya ya timu ya wasichana, nikamweleza yote, kifundo cha mguu, uongo wa kwanza, ungamo la ukurasa wa 60, na jinsi mkunjo ule ulivyonionyesha njia. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima.

"Ule mkunjo?" alisema. "Ule alikunja mdogo wangu, alikuwa anachezea. Mimi kile niliishia ukurasa wa 12."